Zilipendwa ni za Nani? Utada Hikaru na Mikusanyiko Yake Minne

Tarehe 24 Novemba 2010, albamu mbili za mwimbaji mmoja, Utada Hikaru, ziliingia sokoni nchini Japani kwa siku moja. Ya kwanza iliitwa "Utada Hikaru Single Collection Vol. 2", ya pili "Utada the Best". Zote mbili zilikuwa mikusanyiko ya vibao na zote zilibeba sauti ileile, lakini mwenye sauti aliwaambia mashabiki wake bila kificho kwamba ya pili hakuhusika nayo, na kwamba asingependa watoe fedha zao kuinunua.

Siku hiyo imenirudia akilini mara nyingi tangu Utada alipoachia "Science Fiction", tarehe 10 Aprili 2024. Huu nao ni mkusanyiko: nyimbo 26 zilizobeba robo karne ya kazi yake. Safari hii hakuna aliyelalamika kwamba kampuni imemzunguka msanii. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na aliitumia kweli. Vibao vitatu, "Addicted to You", "Traveling" na "Hikari", aliviimba na kuvirekodi upya. Vingine vingi vya zamani vilirudishwa studio vikachanganywa upya. Hapo ndipo mabishano yanapoanza, maana wapo tuliozoea nyimbo hizo jinsi zilivyokuwa.

Nitasema mapema ninaposimama, ili msomaji asinitafute: naamini msanii anayo haki ya kugusa nyimbo zake za zamani, na naamini "Science Fiction" ni kazi nzuri. Lakini wanaopinga wana hoja nzito kuliko wanavyopewa nafasi ya kuieleza, na moja ya hoja hizo imenifanya nibadili namna ninavyousikiliza mkusanyiko wowote.

Kwa asiyemjua: Utada alizaliwa New York tarehe 19 Januari 1983. Mama yake, Fuji Keiko, alikuwa nyota wa enka, ule muziki wa majonzi na mapenzi yaliyokatika unaopendwa sana na Wajapani wa umri mkubwa. Baba yake, Utada Teruzane, ni prodyuza. Singo ya kwanza ya Kijapani, yenye "Automatic" na "Time Will Tell", ilitoka tarehe 9 Desemba 1998. Utada alikuwa na miaka 15. Miezi mitatu baadaye ikafuata albamu "First Love", iliyouza nakala zaidi ya milioni 7 ndani ya Japani peke yake, na mpaka leo hakuna albamu iliyowahi kuipita katika nchi hiyo. Mashairi na muziki anatunga mwenyewe. Mwaka 2021 alieleza hadharani kwamba hajihesabu kuwa mwanamke wala mwanamume, na waandishi wa Kiingereza ikawabidi wajifunze upya namna ya kumtaja. Mimi naandika kwa Kiswahili, na "yeye" yetu ilikuwa tayari inamtosha.

Ili kuelewa uzito wa mkusanyiko wa vibao nchini Japani, inabidi kurudi miaka ile. Wajapani huuita kwa kifupi "besuto", na mwishoni mwa miaka ya 1990 besuto ndiyo iliyokuwa inazibeba kampuni za muziki. Kundi la Glay lilitoa "Review" mwaka 1997, ikauza zaidi ya milioni 4.8. Mwaka 1998 kundi la B'z likatoa "Pleasure", kisha miezi michache baadaye "Treasure", na kila moja ikavuka milioni 4. Matsutoya Yumi, mtunzi-mwimbaji aliyekuwa na zaidi ya miaka 25 jukwaani, akatoa "Neue Musik" mwaka huohuo, nayo ikavuka milioni 3. Bei za CD nchini humo hazipunguzwi ovyo dukani, kwa kuwa sheria inamruhusu mzalishaji kupanga bei ya rejareja na muuzaji kuifuata. Singo ilikuwa yeni 1,000 hivi, albamu yeni 3,000 hivi. Watu wengi walizijua nyimbo kutoka kwenye tamthilia za televisheni na matangazo ya biashara, wakawa na hamu ya nyimbo kumi na tano za watu kumi na tano, bila fedha za kununua zote. Msanii mmoja akikusanya zake mahali pamoja, hesabu inakubali.

Basi mtu asidhani besuto ni ujanja wa wafanyabiashara tu. Kwa mfanyakazi wa Osaka mwenye familia, ilikuwa njia ya bei nafuu ya kumiliki muziki uliomsindikiza.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana Machi 2001. Mwimbaji Hamasaki Ayumi, aliyekuwa akishindana na Utada kwa mauzo, alitoa "A Best" tarehe 28, siku ileile Utada alipotoa albamu yake ya pili, "Distance". Hamasaki ameeleza kwamba yeye mwenyewe hakuwa tayari kutoa mkusanyiko wakati ule, na picha ya jalada inamwonyesha akitokwa na machozi. "Distance" iliuza zaidi ya nakala milioni 3 katika wiki ya kwanza, na "A Best" ilikuwa nyuma yake kidogo. Magazeti yaliandika juu ya mbio hizo kama mechi ya fainali. Nadhani waliosoma matokeo wakasahau jalada walikosa habari yenyewe.

Utada alifika kwenye mkusanyiko wake wa kwanza tarehe 31 Machi 2004, akiwa na miaka 21. "Utada Hikaru Single Collection Vol. 1" ina nyimbo 15 kutoka singo 12, zimepangwa kwa mfuatano wa miaka kuanzia Desemba 1998 hadi "Colors" ya mwaka 2003. Hakuna wimbo mpya. Hakuna kilichorekodiwa upya. Hata jina lenyewe linakataa kujisifu: ni mkusanyiko wa singo, juzuu ya kwanza. Halidai kwamba hizi ndizo bora. Uliuza zaidi ya nakala milioni 2.5 na ukawa albamu iliyouza kuliko zote Japani mwaka huo.

Mimi naupenda mkusanyiko huu kwa sababu ambayo watu wengi huitaja kama udhaifu wake: haufanyi kazi yoyote ya ziada. Ni daftari. Unafungua ukurasa wa kwanza unakutana na mtoto wa miaka 15 anayeimba kwa pumzi fupifupi juu ya mapigo ya R&B ya Kimarekani, silabi za Kijapani akizikata mahali ambapo hakuna aliyezoea kuzikata. Unafunga ukurasa wa mwisho ukiwa na mtu mzima, aliyekwisha kuolewa, anayeimba juu ya rangi na kuchoka. Katikati ya safari hiyo hakuna anayekueleza ufikiri nini. Unasikia studio zikibadilika, vyombo vikibadilika, sauti ikishuka na kunenepa. Ni miaka isiyofika mitano, ila ukisikiliza mfululizo utadhani ni kumi na mitano.

Wanaopinga "Science Fiction" wanaanzia hapa. Wanasema: wimbo haukuwa maneno na tuni peke yake. "Automatic" huanza kwa kumtaja mtu aliyeinua simu ilipolia mara ya saba. Ni simu ya mwaka 1998, ya mezani, yenye mkono wa kuinua, na moyo wa anayepiga unahesabu kila mlio. Muziki uliouzunguka mstari huo ulikuwa wa mwaka ule pia: mkwaruzo wa santuri mwanzoni, ngoma kavu, kinanda cha umeme kilichotulia, na ile video ambamo Utada anainama mbele ya kiti cha manjano kama aliyewekwa chini ya dari fupi. Ukichukua sauti ya yule mtoto ukaizungushia besi nene na nafasi pana ya mwaka 2024, umeihamisha simu kutoka sebuleni ukaiweka mahali ambapo hakuna simu ya namna hiyo. Maneno yamebaki, nyumba yao imebomolewa.

Hoja hii inaniuma kwa kuwa ni kweli kwa sehemu. Kuchanganya muziki ni kuamua nani akae mbele na nani arudi nyuma. Kila chombo na kila sauti ilirekodiwa kwenye njia yake, na fundi ndiye anayepanga uzito. Kwa hiyo mtu anaposema "hatukugusa uimbaji, tumechanganya upya tu", hajasema jambo dogo. Nilipousikiliza "Automatic" mpya mara ya kwanza, sauti ilinijia karibu mno. Nilisikia pumzi ambazo sikuwahi kuzisikia. Nilifurahi, kisha nikajisikia kama mtu aliyesoma barua ya mwenzake. Ule umbali wa zamani, ule ukungu kidogo wa redio, ulikuwa sehemu ya staha ya wimbo.

Lakini hebu tuitazame rekodi ya Utada mwenyewe, maana wanaomtaka aziache nyimbo zake kama zilivyo wanasahau kwamba hajawahi kuziacha.

Juni 2001 mtu mwenye silaha aliingia katika shule ya msingi huko Ikeda, Osaka, akaua watoto wanane. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kike aliyempenda Utada na kuandika kwamba akikua angetaka kuwa kama yeye. Utada alikuwa na wimbo uitwao "Distance", wimbo mwepesi wa kuchezeka kutoka albamu ya Machi mwaka huohuo. Aliurudisha studio, akauvua ngoma, akauwekea nyuzi, akauimba polepole, na tarehe 25 Julai ukatoka kwa jina "Final Distance", kwa kumkumbuka mtoto yule. Tuni ni ileile, maneno mengi ni yaleyale. Wimbo uliozungumza juu ya wapendanao wasiofikiana sasa ukazungumza juu ya umbali ambao hakuna mtu anayeuvuka akarudi. Sijui ni nani anayeweza kusema kwa moyo mkunjufu kwamba Utada alipaswa kuuacha wimbo ule wa kwanza peke yake.

Huo si mfano pekee. "Flavor of Life" ya mwaka 2007 ina sura mbili, na ile ya polepole iliyotumika katika tamthilia ndiyo iliyokaa midomoni mwa watu, hata "Science Fiction" imechagua hiyo. "Hikari" ya mwaka 2002 ilipata ndugu yake wa Kiingereza, "Simple and Clean", kwa ajili ya mchezo wa video wa Kingdom Hearts. Hapa nina ushahidi wangu binafsi. Mimi, kama vijana wengi tulioshika pedi za PlayStation 2, nilimfahamu Utada kwa "Simple and Clean", na miaka ilipita kabla ya kujua kwamba kuna wimbo uitwao "Hikari" wenye tuni hiyo na maneno mengine kabisa. Nilipousikia kwa mara ya kwanza nilidhani Mjapani fulani ameukopi wimbo wa mchezo! Kwangu nakala ilikuwa asili na asili ikawa nakala. Tangu hapo nimekuwa mwoga wa kusema "wimbo halisi ni huu" kwa sababu tu ndio niliotangulia kuusikia mimi.

Na "Hikari" una jambo moja zaidi. Jina lake, lenye maana ya nuru, huandikwa kwa herufi ileile inayoandika jina la Utada katika nyaraka rasmi. Kama kuna wimbo ambao mtu anaweza kusema ni wake kama jina lake lilivyo lake, ni huo. Kuurekodi upya akiwa na miaka 41 ni kama kusaini upya. Saini ya mtu mzima haifanani na ya kijana wa miaka 19, na hakuna benki itakayoshangaa.

Turudi 2010, maana nimewaacha wasomaji na albamu mbili rafuni.

Agosti mwaka ule Utada alitangaza kwamba anapumzika kazi ya muziki ili aishi kama binadamu wa kawaida. Alitumia maneno "ningen katsudo", shughuli za ubinadamu. Alikuwa na miaka 27 na tangu ujana wake hajawahi kuishi bila ratiba ya mtu mwingine. Kabla ya kuondoka alitaka kuacha kitu, na kitu hicho kilikuwa "Single Collection Vol. 2": sahani moja ya singo za 2004 na kuendelea, na sahani ya pili yenye nyimbo tano mpya. Desemba 8 na 9 akaimba Yokohama Arena, kisha akaondoka.

Upande mwingine, nyimbo zake za Kiingereza zilikuwa chini ya kampuni ya muziki ya Universal. Albamu zilikuwa mbili, "Exodus" ya 2004 na "This Is the One" ya 2009. Kampuni ikachukua humo ilichokiona bora, ikakiita "Utada the Best", ikakitoa siku ileile. Kisheria hakuna kosa: rekodi zilikuwa za kampuni, zilirekodiwa kwa fedha za kampuni, na mkataba una maana yake. Nawaelewa pia watu wa kampuni. Waliwekeza katika ndoto ya kumfanya mwimbaji wa Kijapani asikike Marekani, ndoto haikutimia kama walivyotarajia, na sasa msanii anaondoka kwa muda usiojulikana. Mwenye duka anayefunga hesabu huuza kilichobaki.

Hata hivyo kuna kitu kinachokosekana katika "Utada the Best" ambacho hakuna mkataba unaoweza kukiandika. Ukiusikiliza, nyimbo ni nzuri, baadhi ni nzuri sana, lakini hazijui kwa nini ziko pamoja. Hakuna aliyeuliza ni ipi ianze na kwa nini. Mpangilio hauna pumzi. Ukitoka hapo ukaingia sahani ya pili ya "Vol. 2", tofauti inagonga: nyimbo tano tu, ila kila mmoja unaaga kwa namna yake.

Mmojawapo unaitwa "Arashi no Megami", yaani mungu wa kike wa dhoruba. Ni wimbo juu ya mama. Mwaka 2010 ulikuwa wimbo wa mtu mzima anayejaribu kusamehe na kusamehewa, akitamani kumwona mama yake. Agosti 2013 Fuji Keiko alifariki Tokyo, kwa kifo cha ghafla na cha kuhuzunisha mno. Nendeni mkausikilize wimbo huo sasa. Hakuna fundi aliyeugusa. Hakuna besi iliyoongezwa. Hata hivyo si wimbo uleule, wala hautarudi kuwa uleule.

Hii ndiyo hoja iliyonibadilisha, na inatoka upande wa wanaopinga kuliko upande wangu. Wakati wenyewe ni fundi. Wimbo ukiachwa ulivyo, maisha yanauchanganya upya bila kuomba ruhusa ya mtu. Anayeharakisha kuupaka rangi mpya huenda anauziba mlango ambao wakati ungeingilia. Nimejaribu kuijibu hoja hii kwa miezi mingi na jibu nililonalo ni nusu.

Nusu hiyo ni hii. Wakati huuchanganya wimbo upya kwa yule aliyekuwapo. Aliyeusikia "Arashi no Megami" mwaka 2010 akausikia tena 2013 ana tabaka mbili za kumbukumbu, na kati ya tabaka hizo ndimo uchungu unamokaa. Msikilizaji wa miaka 17 anayekutana na Utada leo kwa tamthilia ya Netflix ya mwaka 2022 iliyotokana na "First Love" na "Hatsukoi", au kwa filamu ya mwisho ya katuni za Kijapani za Evangelion iliyofungwa kwa "One Last Kiss" mwaka 2021, hana tabaka hizo. Kwake wimbo wa 1999 na wa 2021 vinafika siku moja, kwenye simu moja, na orodha inayopangwa na programu ya kompyuta. Mtu huyo ndiye "Science Fiction" inamsemesha. Inamwambia: usinisikilize kwa kumbukumbu usiyokuwa nayo, nisikilize kama mtu mmoja anayezungumza nawe leo kutoka miaka mbalimbali.

Ndiyo maana mpangilio wake haufuati miaka. Unafunguka na "Addicted to You" mpya. Mwaka 1999 wimbo huo ulitengenezwa na Jimmy Jam na Terry Lewis, mafundi wa Minneapolis waliomjenga Janet Jackson, na mwimbaji alikuwa na miaka 16, akilalamika kwamba gharama za simu zinapanda huku akijidai kuwa hana shida ya kuonana na mpenziwe. Katika kinywa cha mtoto, kujidai huko kulikuwa kujidai kweli, na ndicho kilichotufanya tutabasamu. Katika kinywa cha mtu mwenye miaka 41, aliyeolewa na kuachana zaidi ya mara moja, mwenye mtoto, aliyemzika mama, maneno yaleyale yanakaa tofauti. Hajidai tena. Anamtazama yule wa miaka 16 kwa upendo. Sauti yake sasa ni nzito na haina haraka, na anaziacha silabi zianguke zenyewe.

Je, ni bora kuliko ya kwanza? Hapana. Ya kwanza ina kiu ambayo haiwezi kuigizwa. Ila hii ya pili isingewezekana mwaka 1999 kwa fedha yoyote, na kuwa nazo mbili ni utajiri.

"Traveling" mpya imenishawishi kidogo zaidi ya nilivyotegemea, nami sitaizungumzia zaidi. Ni wimbo wa kucheza, na watu wacheze.

Kitu kinachonivutia kuliko rekodi mpya ni ujirani wa nyimbo. "First Love" ya 1999 na "Hatsukoi" ya 2018 zimo zote mbili, na neno "hatsukoi" maana yake ni penzi la kwanza. Alitoa wimbo wenye jina hilo akiwa na miaka 16 na akatoa mwingine, jina likiwa kwa Kijapani, akiwa na miaka 35. Wa kwanza unamkumbuka mpenzi kwa ladha ya busu la mwisho. Wa pili hauna hakika kama penzi lenyewe lilipokelewa, na mapigo ya moyo yanasikika kuliko maneno. Katika albamu zao nyimbo hizi zimetenganishwa na miaka 19. Katika mkusanyiko huu ziko nyumba moja, na humo pia yumo "Hanataba wo Kimi ni" ya 2016, shada la maua kwa mama aliyekwenda, lililokuwa likisikika kila asubuhi katika tamthilia ya shirika la utangazaji la NHK huku mamilioni wakinywa chai bila kujua wanasikiliza wimbo wa msiba. Penzi la kwanza la mtu yeyote, kabla ya mpenzi, ni mama. Sikuwahi kuunganisha nyimbo hizi tatu mpaka mkusanyiko huu uliponiwekea pamoja. Daftari la 2004 lisingeweza kunifanyia hivyo, hata lingeongezwa kurasa mpaka leo.

Wapo wanaodhani kurekodi upya ni suala la umiliki, kama mwimbaji wa Marekani Taylor Swift, aliyeanza kutoa matoleo mapya mwaka 2021 ili azinyang'anye nguvu rekodi za zamani. Mazingira yanafanana kidogo: Utada alihamia kampuni ya Epic ya Sony mwaka 2017, na rekodi zake za enzi ya EMI, kampuni iliyotoa albamu zake za Kijapani za awali, zilikwenda Universal ilipoinunua EMI mwaka 2012. Yaani kampuni iliyotoa "Utada the Best" ndiyo iliyokuja kurithi hata daftari la 2004. Lakini mtu anayetaka kuzifuta rekodi za zamani harekodi nyimbo tatu akaziacha nyingine zote na sauti yake ya zamani ndani. Katika nyimbo zilizochanganywa upya yule mtoto wa miaka 15 bado yumo, anaimba yeye. Mkubwa amemkaribisha ndani, hakumtoa.

Lawama yangu kwa "Science Fiction" ni moja, nayo naiona kubwa. Kadiri mkusanyiko huu unavyokubalika, ndivyo sura mpya zinavyokuwa za kwanza kutokea mtu anapotafuta jina la wimbo. Katika enzi ya santuri na CD, toleo la zamani lilibaki kwenye kabati la mtu, na hakuna aliyeweza kuja usiku kulibadilisha. Leo kabati si letu. Nyimbo za zamani zipo mtandaoni leo. Kesho itategemea mkataba wa nani na nani. Waliosimama upande wa kuhifadhi wanaogopa hilo, na hofu yao si ya wazee waliochoka na mambo mapya. Zilipendwa hubaki zilipendwa kwa kuwa mtu anaweza kuzirudia zilivyokuwa. Kama ningepewa nafasi ya kumwomba Utada kitu kimoja, ningemwomba ahakikishe "Single Collection Vol. 1" haikosekani kamwe, katika mfuatano wake uleule, na ule ukungu wake.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, huwa namwambia asianze na mpya. Aanze na ile ya 2004, usiku, wimbo wa kwanza hadi wa kumi na tano bila kuruka. Apumzike siku mbili tatu. Kisha afungue "Science Fiction", aiache "Addicted to You" iingie, na atakapofika kwenye "Automatic" ahesabu mwenyewe milio ya simu.